Herb Brooks, kutoka mchezaji aliyeachwa hadi kocha wa dhahabu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Herb Brooks ni nani?

Ni Mmarekani wa St. Paul, jimbo la Minnesota, aliyezaliwa tarehe 5 Agosti 1937. Alicheza hoki ya barafuni katika Olimpiki mbili, 1964 na 1968, bila kupata medali. Akageukia ukocha, akakipa Chuo Kikuu cha Minnesota ubingwa wa vyuo mara tatu, kisha mwaka 1980 akaiongoza Marekani kutwaa dhahabu ya Olimpiki kwa kikosi cha vijana wa vyuo kilichowafunga Wasovieti. Wengi wanamjua kwa mechi hiyo moja. Ukurasa huu unaangalia zaidi kazi iliyofanyika kabla yake, kwa kuwa ushindi ule ulijengwa kwa miezi, na hatua zake zinafuatika.

Sijawahi kuona hoki ya barafuni. Nijue nini kwanza?

Kila upande una watu sita barafuni: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Badala ya mpira kuna kisahani cha mpira mgumu, unene wake sentimita 2.5 na kipenyo chake sentimita 7.6, uzito kama gramu 160. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila filimbi inapolia. Uwanja una mistari ya kuvuka: mstari wa goli kila upande, mistari miwili ya buluu inayotenga maeneo matatu, na mstari mwekundu wa katikati.

Jambo linalomshangaza zaidi mtu aliyezoea soka ni mabadiliko ya wachezaji. Hayana idadi, wala hayasubiri mchezo usimame. Mchezaji anaingia kwa zamu ya sekunde 40 hadi 45, anakimbia kwa nguvu zake zote, anatoka, mwenzake anaruka ukuta wa benchi kuingia. Anayeng'ang'ania dakika nzima barafuni anaanza kuburuta miguu, na bao huingia hapo. Ukilielewa hili, sehemu kubwa ya mawazo ya Brooks inaeleweka.

Yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa aina gani?

Mshambuliaji mwenye mbio. Akiwa sekondari ya Johnson, upande wa mashariki wa St. Paul, timu yake ilichukua ubingwa wa jimbo mwaka 1955. Kutoka hapo akaenda Chuo Kikuu cha Minnesota chini ya kocha John Mariucci, aliyeshikilia kwamba vijana wa nyumbani wanaweza kucheza badala ya kuwaagiza Wakanada. Imani hiyo Brooks aliirithi na kuishikilia kuliko mwalimu wake.

Sifa yake kubwa ilikuwa miguu. Hakuwa mtu wa mabavu wala mfungaji wa kutisha. Makocha wengi waliowahi kuwa wachezaji hutengeneza timu zinazofanana na wao walivyocheza, naye hakuwa tofauti: kila timu aliyoijenga ilianza na kasi.

Ni kweli aliachwa kwenye kikosi cha 1960?

Kweli. Kocha Jack Riley alimwengua mwishoni kabisa, siku chache kabla ya Michezo ya Squaw Valley, California. Nafasi ilikwenda kwa Bob Cleary, aliyeongezwa kikosini pamoja na kaka yake Bill. Marekani ikawafunga Kanada 2-1, Wasovieti 3-2 na Chekoslovakia 9-4, ikachukua dhahabu yake ya kwanza ya hoki. Brooks aliitazama nyumbani pamoja na baba yake, na baba, kama alivyosimulia Brooks mwenyewe, akamwambia kwamba inaonekana kocha alimwacha mtu sahihi.

Si haki kusema kila alichofanya baadaye kilitokana na siku hiyo. Lakini alijua jinsi mtu wa mwisho kuachwa anavyojisikia, na miaka 20 baadaye ikamlazimu kumfanyia mwingine hivyo hivyo: Ralph Cox ndiye aliyekuwa wa mwisho kukatwa kwenye kikosi cha 1980.

Aliwahi kucheza NHL?

Hapana. Hadi 1967 ligi hiyo kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini ilikuwa na timu sita tu, na karibu wachezaji wote walikuwa Wakanada. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani pekee aliyepata namba ya kudumu alikuwa Tommy Williams wa Boston, mmoja wa kikosi cha 1960. Mmarekani aliyetaka kuendelea kucheza baada ya chuo alibaki na timu ya taifa, tena kama ridhaa. Brooks aliuza bima ili apate riziki, huku akicheza mashindano ya dunia na Olimpiki hadi 1970. Mwaka 1964 kule Innsbruck, Marekani ilimaliza ya tano. Mwaka 1968 kule Grenoble, ya sita.

Miaka hiyo haikupotea. Katika mashindano hayo alikutana na Wasovieti, akaona wanachofanya: kisahani hakitupwi ovyo, washambuliaji wanabadilishana njia, na dakika ya 55 wana pumzi ileile ya dakika ya tano. Kocha aliyeishi Amerika Kaskazini tu asingeyaona hayo kwa karibu kiasi kile.

Alianzaje ukocha?

Alianza kama msaidizi wa Glen Sonmor katika chuo chake cha zamani, kisha akakabidhiwa timu mwaka 1972 ikiwa mkiani mwa ligi yake. Misimu miwili baadaye, 1974, ikawa bingwa wa taifa kwa mara ya kwanza katika historia yake, tena kwa kikosi cha vijana wa Minnesota. Mataji mengine yakafuata 1976 na 1979. Katika misimu saba alishinda mechi 175, akafungwa 101 na kutoka sare 20.

Shahada yake ilikuwa ya saikolojia, na aliitumia. Wachezaji wake wanasimulia kocha asiyewazoea, asiyekula nao wala kucheka nao.

Kikosi cha 1980 alikichaguaje?

Majaribio yalifanyika Colorado Springs mwezi Julai 1979 kwa wachezaji 68. Walichujwa hadi 26, na hao ndio waliozunguka naye miezi kadhaa kabla ya kubaki 20. Msaidizi wake alikuwa Craig Patrick.

Mambo manne katika uteuzi wake yanafaa kuangaliwa.

Kwanza, alichukua watu aliowafahamu. Tisa kati ya 20 walitoka katika chuo chake, na wanne walitoka Boston University, kambi iliyokuwa na uhasama mkali na Minnesota. Hakujaribu kuwapatanisha kwa maneno matamu. Aliwapa kitu kimoja cha kuwaunganisha, yaani yeye mwenyewe kama mtu wa kuchukiwa.

Pili, hakuruhusu ugomvi wake binafsi kuamua. Mark Johnson alikuwa mtoto wa Bob Johnson, kocha wa Wisconsin na hasimu mkubwa wa Brooks. Alimchukua, na kijana huyo ndiye aliyeongoza timu kwa pointi, yaani mabao na pasi za mabao.

Tatu, aliangalia vipaji vinavyohamishika. Dave Christian alikuwa mshambuliaji, Brooks akamrudisha nyuma awe beki. Sababu ni ya kimfumo: ukitaka kutoka na kisahani kwa pasi badala ya kukipiga mbele tu, unahitaji beki mwenye miguu na mikono ya mshambuliaji.

Nne, pale utatu ulipoelewana hakuuvunja. Schneider, Pavelich na Harrington, wote kutoka ukanda wa migodi ya chuma kaskazini mwa Minnesota, walicheza pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Buzz Schneider ndiye pekee kikosini aliyekuwa amecheza Olimpiki ya 1976.

Mfumo wake ulikuwa na nini hasa?

Hoki ya Amerika Kaskazini wakati ule ilikwenda kwa mistari iliyonyooka. Winga wa kushoto hutelezea kushoto, wa kulia hubaki kulia, na wakifika karibu na mstari wa buluu wanakitupa kisahani kwenye kona, kisha wanakifuata na kugongana. Ni rahisi kufundisha, na ni rahisi kuzuia.

Brooks alichanganya hayo na ya Ulaya. Washambuliaji walipishana: wa kushoto anakata katikati, wa katikati anakwenda pembeni, ili beki asijue amshike nani. Njia ikifungwa mbele, mwenye kisahani anarudi nyuma na kuanza upya badala ya kukitupa. Lakini hakuutupa ugumu wa Kimarekani, yaani kumgonga mpinzani kihalali na kukimbilia kila kisahani kilicho huru.

Mfumo huu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupishana bila kasi: watu watatu wanajikuta sehemu moja, kisahani kinapotea katikati ya uwanja, na hakuna aliye nyuma. Ya pili ni pumzi. Kupishana kunaongeza mita nyingi kwa kila zamu, hivyo timu isiyo fiti itacheza vizuri vipindi viwili na kuporomoka cha tatu. Ndiyo maana mazoezi ya nguvu na pumzi yalipewa uzito sawa na mbinu, na mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi, Jack Blatherwick, alihusishwa katika kuyapanga.

“Herbies” ni nini, na yanafanywaje?

Ni mbio za kwenda na kurudi barafuni, zilizopewa jina lake na wachezaji. Hatua ni hizi:

1. Anzia mstari wa goli.
2. Telezea hadi mstari wa buluu ulio karibu, piga breki, rudi.
3. Hadi mstari mwekundu wa katikati, rudi.
4. Hadi mstari wa buluu wa mbali, rudi.
5. Hadi mstari wa goli wa upande wa pili, rudi.

Hiyo ni moja. Kwenye uwanja wa NHL wa leo ni mita 19.5, 27.1, 34.7 na 54.3, kila umbali mara mbili, jumla kama mita 271 zenye breki saba za ghafla kabla ya kumaliza. Inakaribia mzigo wa zamu moja kamili.

Makosa ya kawaida ni kugeuka kwa kuzunguka badala ya kusimama kabisa, jambo linalopunguza kazi sana. Kupiga breki upande uleule kila mara, hivyo mguu mmoja unabaki dhaifu. Na kurudia bila kupumzika. Ukitaka mbio ziwe za kasi kweli, pumziko liwe angalau mara tatu ya muda wa kazi. Ukizirundika bila kupumzika unafundisha uvumilivu wa mateso, na misuli ya nyonga ndiyo huanza kulalamika. Kwa watoto hazifai kabisa kama adhabu.

Brooks mwenyewe alizitumia kama adhabu, hilo halifichiki. Septemba 1979 timu ilitoka sare ya 3-3 na Norwe mjini Oslo, wachezaji wakiangalia wasichana jukwaani zaidi ya kisahani. Mechi ilipokwisha aliwarudisha barafuni kufanya Herbies moja baada ya nyingine, na hata mhudumu wa ukumbi alipozima taa waliendelea gizani. Kifiziolojia ni zoezi baya. Alichotaka kukipata alikipata kwa njia nyingine: hakuna aliyedhani tena kwamba kocha huyu anatania.

Walicheza mechi ngapi kujiandaa?

Mechi 61 katika miezi mitano hivi: walishinda 42, wakafungwa 16, sare tatu. Walianzia Ulaya, wakarudi kukutana na vyuo, timu za kulipwa za daraja la chini na timu za taifa. Ya mwisho, tarehe 9 Februari 1980 katika Madison Square Garden, New York, Wasovieti waliwapiga 10-3. Zilikuwa zimebaki siku tatu tu Michezo ianze kwao.

Kwa nini aliwafokea wachezaji wake mwenyewe?

Kwa makusudi, na kwa kuchagua nani afokewe. Katika mechi ya kwanza ya Michezo, dhidi ya Uswidi, Rob McClanahan aliumia paja na kubaki chumbani na barafu mguuni. Brooks aliingia akamwita mwoga mbele ya wote, wakakaribia kushikana. McClanahan akavaa, akarudi kucheza akichechemea. Bill Baker alisawazisha zikiwa zimebaki sekunde 27, ikawa 2-2. Bila pointi ile hesabu za dhahabu zingebadilika.

Alikwenda mbali zaidi kabla ya Michezo. Alimtishia nahodha Mike Eruzione kwamba huenda akaachwa, na akaleta wachezaji wapya dakika za mwisho, mpaka wachezaji wenyewe wakamfuata kumwambia kikosi ni hiki, basi. Yaelekea ndicho alichokuwa anakitafuta.

Asiige kila mtu. Mbinu hii ilifaa kwa sababu wachezaji walikuwa watu wazima, muda ulikuwa mfupi, na Craig Patrick alikuwa pale kuwapoza waliounguzwa. Kocha anayefanya hivyo peke yake kwa misimu mitano atabaki na chumba kilichonyamaza.

Mechi ya Wasovieti ilikwendaje?

Ilichezwa Ijumaa tarehe 22 Februari 1980, Lake Placid, jimbo la New York, kuanzia saa 11 jioni. Televisheni ya ABC iliionyesha kwa kuchelewa, usiku. Wasovieti walikuwa mabingwa wa Olimpiki nne mfululizo, tangu 1964.

Krutov wa Wasovieti alitangulia, Schneider akasawazisha. Makarov akafanya 2-1. Kipindi cha kwanza kikielekea kwisha, Dave Christian alipiga shuti la mbali, kipa Vladislav Tretiak akalitema mbele yake, na Mark Johnson akapita kati ya mabeki waliokwisha legea na kufunga ikiwa imebaki sekunde moja. Kocha Viktor Tikhonov akamtoa Tretiak na kumweka Myshkin, uamuzi ambao baadaye alikiri ulikuwa kosa kubwa kuliko yote katika kazi yake.

Maltsev akafunga mapema kipindi cha pili, 3-2. Kipindi cha tatu Johnson akasawazisha wakati Msovieti mmoja akitumikia adhabu nje ya barafu, na dakika moja na nusu hivi baadaye, zikibaki dakika kumi kamili, Eruzione akafunga la nne. Dakika kumi zilizobaki Brooks alifupisha zamu na kuwazuia vijana wasijifungie nyuma. Mashuti yalikuwa 39 ya Wasovieti kwa 16 ya Marekani. Kipa Jim Craig aliokoa 36.

Kwa hiyo hiyo ndiyo fainali?

Hapana, na hili hukosewa kila mara. Mfumo ulikuwa wa pointi kwa timu nne. Marekani ilihitaji kuifunga Ufini Jumapili tarehe 24, na ikaingia kipindi cha tatu ikiwa nyuma 2-1. Brooks aliwaambia wakipoteza mechi hiyo wataingia nayo kaburini. Verchota, McClanahan na Johnson wakafunga, 4-2. Katika mechi zote saba timu ilifungwa bao la kwanza mara sita, na hapo ndipo pumzi ya kipindi cha tatu ilipojilipa.

Siasa za wakati ule zilifika Afrika Mashariki?

Zilifika. Majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan Desemba 1979, na Rais Carter alitaka dunia isusie Olimpiki ya Moscow. Februari hiyohiyo ambayo Brooks alikuwa anafunga maandalizi yake, Carter alimtuma Muhammad Ali Afrika kuomba uungwaji mkono. Dar es Salaam Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Kenya ilisusia. Tanzania ilikwenda Moscow, na Suleiman Nyambui na Filbert Bayi wakarudi na medali za fedha. Brooks kwa upande wake hakupenda mechi ile igeuzwe vita, hasa kwa kuwa alikuwa amejifunza mengi kutoka kwa Wasovieti haohao.

Kwa nini hakuchukua Kombe la Stanley, taji la NHL?

Alianzia Davos, Uswisi, kisha New York Rangers kuanzia 1981 hadi alipofukuzwa Januari 1985. Alishinda mechi 131 kati ya 285 akiwa na washambuliaji wadogo wenye kasi, lakini New York Islanders walimtoa 1982, 1983 na 1984. Mwaka 1984 aliyefunga bao la muda wa nyongeza lililomtoa alikuwa Ken Morrow, beki wake mwenyewe wa Lake Placid.

Baada ya hapo hakukaa popote. Alifundisha chuo cha St. Cloud State msimu mmoja na kukisaidia kupanda daraja la juu la vyuo, kisha Minnesota North Stars 1987-88, New Jersey Devils 1992-93, na Pittsburgh Penguins kuanzia Desemba 1999 hadi msimu ulipokwisha. Jumla ya NHL ni mechi 506, ushindi 219. Rekodi ya kawaida. Tatizo halikuwa mbinu. Kwenye klabu ya kulipwa kocha hachagui wachezaji, hawezi kuwashika miezi sita bila ligi, na mwenye mkataba mnono hatishiki akiambiwa ataachwa.

Alirudi Olimpiki?

Mara mbili. Mwaka 1998 aliifundisha Ufaransa kule Nagano. Mwaka 2002, Salt Lake City, aliiongoza Marekani yenye nyota wa NHL. Waliifunga Urusi 3-2 katika nusu fainali tarehe 22 Februari, siku ileile ya mwaka 1980, kisha wakafungwa na Kanada 5-2 na kupata fedha. Kikosi hicho hakikufokewa sana. Alijua anazungumza na nani.

Alifariki lini?

Tarehe 11 Agosti 2003, katika ajali ya gari barabara kuu ya 35 karibu na Forest Lake, Minnesota, akiwa na miaka 66. Hakuwa amefunga mkanda. Ukumbi wa Lake Placid ulipewa jina lake mwaka 2005, na mwaka 2006 akaingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Hoki mjini Toronto.

Mchezaji wa Marekani leo anafuata njia gani kuwa kocha?

Kwa timu za watoto na vijana, shirikisho la USA Hockey linadai usajili wa kila mwaka, ukaguzi wa rekodi za jinai, mafunzo ya SafeSport ya kuzuia unyanyasaji, kozi zinazopanda kwa ngazi, na moduli ya umri wa watoto unaowafundisha. Ukihama kutoka wa miaka 10 kwenda wa miaka 14, moduli inabadilika. Wanaochelewa huikumbuka msimu ukiwa umeanza, na wanazuiwa kukaa benchi hadi waikamilishe.

NHL haidai leseni yoyote. Huko mtu huingia kwa kujulikana: msaidizi chuoni au ligi ya chini, kuchambua video, kusimamia mabeki au wachezaji wa vipindi vya adhabu, kisha timu ndogo ya klabu.